Bunduki ya Imoso

Pale Kasulu, ukishuka kutoka sokoni kuelekea stendi, lipo benchi la mkaratusi mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, na benchi hilo lina sheria moja tu: ukishakaa, umekuwa mtaalamu. Hapo ndipo Nurudini wa Ujiji anapotua birika lake kila asubuhi. Watu wanamwita Sanifu, maana hakumiminii kahawa kabla hajakusahihisha Kiswahili, na Waha wote wa vilimani anawahesabu kuwa wanafunzi wake. Mwenye kibanda ni Bazilio, aliyewahi kuwa mgambo kwa kipindi ambacho yeye mwenyewe hukirefusha kila mwaka. Huyo ni Kamanda. Wa tatu ni Wilondja, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anayeuza vitenge kwa kibali na kunyoosha shati hata siku za vumbi, wakamwita Mesye, bwana kwa Kifaransa. Asubuhi moja ya Julai, baridi ilikuwa inang'ata masikio, na wote watatu walikuwa wamemgeukia wa nne, Cleophas, ambaye kijiweni anaitwa Imoso, yaani wa mkono wa kushoto kwa Kiha. Cleophas ndiye aliyekuwa na shida, na shida ya mwenzio pale benchini ni kama mandazi ya bure: kila mtu ananyoosha mkono.

— Bunduki ni mbili, Cleophas akasema. Zote za mbogo, risasi ni ileile nene. Zote za bolti. Moja ni ile ya siku zote, bolti yake iko kulia. Nyingine kaiacha mgeni mmoja, naye alikuwa imoso kama mimi, bolti yake iko kushoto. Meneja wa kampuni anasema msimu huu naingia na moja tu, nichague leo. Mchana gari linatoka Kibondo kwenda porini.

— Bolti ndiyo nini? Sanifu akauliza.

— Lile komeo la chuma, mzee wangu. Ukishapiga unalinyanyua, unalivuta nyuma, ganda linaruka. Unalisukuma mbele, risasi nyingine inaingia.

— Basi sema komeo. Kiswahili kipo.

— Mbogo akija hatuongei Kiswahili.

Kamanda akacheka hadi kahawa ikampalia. Cleophas naye alicheka kidogo, kwa adabu. Alikuwa msoma nyayo wa kampuni ya uwindaji huko mbele ya Kibondo, kwenye mabwawa na matete, na kazi yake ilikuwa hii: mgeni anayelipia mbogo akimpiga vibaya, mbogo akaingia mateteni na risasi tumboni, Cleophas ndiye anayemfuata humo kummaliza. Msimu uliopita alimfuata mmoja. Akapiga, akamkosa moyo. Kwa kuwa bolti ilikuwa kulia na yeye bega lake ni la kushoto, ikabidi mkono uruke juu ya bunduki kwenda upande wa pili, na ulipokuwa unaruka kitako kikamteleza begani, na risasi ya pili ikapiga tope. Mbogo akampita yeye akamkuta mwenzake, Niyomwungere. Sasa Niyomwungere yuko kwao Kitahana, paja lina vyuma vya hospitali ya Kabanga ndani yake, na kila akitaka kuinuka anaita mtu. Msimu huu Cleophas ataingia mateteni akiwa mbele, na nyuma yake atakuwepo kijana mgeni wa kazi. Aliogopa. Hakuwa amemwambia mtu hilo, hata mkewe Asnath, ambaye bila kuambiwa alikuwa ameanza kumpikia ugali wa muhogo na migebuka ya ziwani kila siku kama mtu anayesafiri.

— Mimi nakushauri kijeshi, Kamanda akasema, akajifuta mdomo. Chukua ile ya zamani. Mchagua jembe si mkulima.

— Lakini hili jembe linachagua mkulima, afande. Ile ya zamani mkono unapanda juu, unashuka, unarudi. Ni mrefu ule mzunguko.

— Sawa, ni mrefu. Na haraka haraka ina nini?

— Haina baraka, Mesye akajibu kama mwanafunzi.

— Umesikia! Mbogo anakuja kwa haraka, wewe unakoki taratibu. Baraka ziko kwako. Yeye hana.

— Afande, yule mnyama hasubiri baraka.

— Halafu kuna hatari hujaifikiria. Bunduki ya kulia hutupa ganda kulia. Hiyo ya kwako italitupa kushoto. Aliyesimama kushoto kwako anakula ganda la moto sikioni. Atapiga kelele. Mbogo atasikia. Mmeisha wote kwa sababu ya sikio.

Cleophas akaifikiria hoja hiyo, kwa sababu mtu mwenye hofu hufikiria kila kitu, hata upuuzi. Kisha akaona kwamba kijana atakuwa nyuma yake, si kushoto kwake. Akanywa kahawa.

Sanifu alikuwa ameinua birika bila kummiminia mtu, ishara kwamba anataka kusema neno zito.

— Tatizo lenu Waha, akasema, mnajadili kitu ambacho hamjakipa jina. Imoso, imoso, ndiyo lugha gani? Kwa Kiswahili cha wenyewe, mkono wa kulia ni mkono wa kuume. Na wa kushoto?

— Wa kushoto, Kamanda akasema.

— Ni mkono wa kike! Kwa hiyo bunduki anayoulizia Cleophas ni bunduki ya kike.

Jambo lilikuwa limeingia mahali pabaya.

— Yebaba we! Kamanda akasema. Ya kike? Na mbogo mwenyewe ni dume?

— Wageni wote wanataka dume, Cleophas akakubali. Pembe.

— Basi usiichukue! Itaona haya.

— Wewe ndiye huelewi wanawake, Sanifu akasema. Bunduki ya kiume itapiga na kujisifu. Ya kike itapiga na kuuliza alikuwa wapi jana. Dume gani la mbogo litasimama mbele ya swali hilo? Mimi nasema achukue ya kike. Nyumbani kwangu dume ni mimi, na nikisikia mlango unafunguliwa kwa nguvu huwa natafuta pa kutokea.

— Lakini mzee wangu, bunduki ni chuma. Haina kike wala kiume. Ninachotaka kujua ni mkono.

— Mkono mtupu haulambwi, Kamanda akatamka, na hakuna aliyejua ameitoa wapi wala anaipeleka wapi, lakini ilisemwa kwa sauti nzuri, ikapita.

Mesye alikuwa ananyoosha kola yake. Yeye huchelewa kuingia kwenye mazungumzo, na akishaingia hutoka kwa upande ambao hakuna aliyejua una mlango.

— Bagrand, bakubwa zangu, munasahau kintu moja. Munaongea mukono ya muntu tu. Mbogo nayo iko na mukono yake.

— Mbogo ana miguu, Sanifu akamsahihisha.

— Sawa, mukuu. Mguu. Lakini iko mbogo ya goshi na iko mbogo ya druati. Kwetu ku Fizi, muzee moja muwindaji alitufundisha. Ya goshi inatafunaka ku goshi, inageukaka ku goshi, ikikasirika inakuja na pembe ya goshi.

— Goshi ndiyo imoso? Kamanda akauliza.

— Njo ile ile.

— Mkono wa kike, Sanifu akasisitiza.

— Kwa hiyo, Mesye akaendelea, mbele ya kuchagua fusi, ile bunduki, unachagua mbogo. Unakuta mavi yake, unaangalia muzuri, unajua ilitafuna upande gani.

— Mavi yanaonyeshaje alitafunia upande gani? Cleophas akauliza.

— Ah. Ile sasa njo siyansi.

Cleophas alikuwa amesoma mavi ya mbogo kwa nusu ya maisha yake, na aliweza kukuambia huyu amepita alfajiri, huyu anaumwa, huyu amekula mahindi ya watu. Upande wa kutafunia hakuwahi kuukuta. Hata hivyo alijishika akiwaza kwamba pengine hajawahi kuangalia vizuri, na hapo akajua kuwa amechoka.

— Achaneni na mavi, Kamanda akasema, akasimama kabisa, maana wazo lililomjia lilihitaji nafasi. Nimepata! Kioo!

— Kioo gani?

— Cha pikipiki. Ninavyo ndani, vimejaa. Mtu akijitazama kwenye kioo, mkono wa kulia unakuwa wapi?

— Kushoto, Mesye akasema, macho yakimtoka.

— Sasa! Chukua bunduki ileile ya zamani, nakufungia kioo cha pikipiki kwenye mtutu, unapiga kwa kutazama kioo. Bolti inahamia kushoto yenyewe. Kampuni haijanunua kitu.

— Kwenye kioo mbogo ataonekana nyuma yangu, afande.

— Basi geuka umpe mgongo!

— Na hiyo ndiyo faida, Sanifu akadakia, akisahau kuwa ni mpinzani. Mbogo akiona mgongo atadhani umeghairi. Atarudi zake. Mwenda pole hajikwai.

— Anayerudi nyuma ndiye anajikwaa, Cleophas akasema, na safari hii akacheka kweli, kicheko kikubwa cha mtu aliyekaa na jambo peke yake kwa muda mrefu. Akajiona akiingia mateteni kinyumenyume na kioo cha pikipiki, akajifuta machozi kwa mkono wake wa kushoto.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Zuleha, karani wa kampuni, kutoka Kibondo, na mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Cleophas akasimama katikati ya njia, kidole kimoja sikioni, akapaza sauti kama watu wote wa milimani wanavyoongea na simu, kana kwamba simu yenyewe iko ng'ambo ya bonde.

— Dada Zuleha! Ndiyo! Bunduki! Bado naamua! Nasema hii ya moso! Ya MOSO! Naam! Mwambie meneja asimpe mtu mwingine bunduki ya Moso! Nipigie tena!

Mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la parachichi kichwani akasimama. Akamtazama Cleophas, akalitazama benchi, kisha akageuka akarudi alikotoka kwa mwendo ambao parachichi hazikuupenda.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Burundi, kuna bonde linaloitwa Moso. Mtu wa Kasulu akisikia neno bunduki na neno Moso yametoka katika pumzi moja, haanzi kufikiria mikono, anafikiria magendo ya silaha. Kijiweni hakuna aliyelifikiria hilo. Walikuwa wamerudi kwenye kioo, wakibishana kama kiwe kimoja au viwili, wakati mwanamke mwenye koti la sufu na viatu vilivyofungwa vizuri aliposimama mbele yao.

— Habari za asubuhi. Naitwa Elieth, mtendaji mpya wa mtaa huu. Nimeambiwa hapa kuna mtu ana bunduki ya Moso.

Ungeona benchi lile! Sanifu akaanza kupangusa vikombe vilivyokuwa safi. Mesye akatoa kibali chake mfukoni kabla hajaombwa, akakishika kwa mikono miwili. Kamanda, mkuu wa majeshi yote, akasogea hatua moja kutoka kwa Cleophas, kisha nyingine.

— Mimi ni fundi baiskeli tu, mheshimiwa, akasema. Huyu bwana simfahamu kwa undani.

— Afande! Cleophas akalalama.

— Namfahamu kwa kahawa tu.

Msoma nyayo akitajwa kwa silaha ya magendo, hata kwa uongo, kampuni haisubiri ukweli. Inamtafuta mwingine, na hiyo ilikuwa kazi pekee aliyoijua Cleophas. Akavua kofia.

— Mama mtendaji, shikamoo. Si Moso ya Burundi. Ni imoso. Imoso kwa Kiha ni mkono huu. Akauinua. Mimi ni wa mkono huu. Nawinda, kwa kibali, kampuni iko Kibondo, simu ya ofisi hii hapa. Wananiuliza nataka bunduki ya mkono huu au wa pili.

Elieth alikuwa amehamishiwa Kasulu kutoka Singida, na Kiha kwake kilikuwa bado ni mvua ya maneno.

— Imoso ni kushoto?

— Mkono wa kike, Sanifu akasema chini kwa chini. Hakuweza kujizuia.

— Kwa hiyo ni bunduki ya kike?

— Tumelijadili hilo, Kamanda akasema, akirudi hatua moja karibu na rafiki yake. Kuna hoja pande zote.

Elieth akapiga namba ya ofisi ya kampuni, akaongea na Zuleha kidogo, akauliza, akasikiliza. Alipomaliza uso wake ulikuwa umelainika. Na kwa kuwa baridi ilikuwa kali na birika lilikuwa linanukia tangawizi, akaketi. Sheria ya benchi ikamkamata palepale.

— Sasa hebu nielewe. Nionyeshe hiyo tofauti.

Kamanda akaleta pampu ya baiskeli. Cleophas akaikamata, akaiweka bega la kushoto, jicho la kushoto likalala juu yake, na utani ukapungua kidogo benchini, kwa sababu mtu yule akishika hata pampu unaona kuwa si mara yake ya kwanza.

— Tuseme hii ni ile mpya, akasema. Bolti iko huku kushoto, pua kwa pua na mkono wangu. Napiga, mkono unavuta hapahapa, narudi. Bunduki haitoki begani.

— Mimi ni mbogo! Kamanda akapiga kelele, akainamisha kichwa, akaja mbio kutoka kwenye kibanda na vishikio vya baiskeli kichwani.

— Ta! Cleophas akasema, na mkono wake wa kushoto ukaruka juu ya pampu, ukashuka upande wa kulia, ukashika hewa.

Kamanda akamgonga tumboni na vishikio, taratibu, kwa heshima.

— Lakini umesema komeo liko kushoto, Elieth akasema.

— Nimesema.

— Mkono umeenda kulia.

— Umezoea, Cleophas akasema. Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Ya zamani haimfai mwili, na ya kumfaa mwili haijui mkono. Hicho ndicho kilichokuwa kinamnyima usingizi, na sasa kila mtu alikuwa amekiona mchana kweupe.

— Naogopa, akasema. Ndiyo hivyo tu. Naogopa, jamani.

Mesye akamwekea mkono begani, akauacha hapo.

— Dawa ipo, Kamanda akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kamanda. Ni mazoezi. Sisi mgamboni tulirudia jambo moja mpaka tulilichukia. Waombe siku za kuizoea kabla ya kukupeleka porini.

Lilikuwa jambo la kwanza la maana kusemwa benchini tangu mkaa uwashwe, na Kamanda mwenyewe alionekana kulishangaa. Sanifu akammiminia kahawa bila kumsahihisha.

Elieth alikuwa anazungusha kikombe mkononi.

— Niulize kitu. Mimi mgeni wa mambo haya. Huyo mbogo mnayemfuata kwenye matete, nani anakuwa amemjeruhi?

— Mgeni, Cleophas akasema. Anayelipia.

— Yeye hana bunduki?

— Anayo. Nzuri sana.

— Ya mkono wake?

— Ya mkono wake hasa. Kuna wanaochongewa kitako kwa kupimwa bega.

— Na mbogo akishaingia mateteni, yeye anakwenda wapi?

— Anabaki garini. Kuna kivuli, na soda.

— Sasa kwa nini anayemfuata ni wewe?

Kamanda alifungua mdomo kwanza, kama kawaida.

— Mgeni njoo, akaanza, mwenyeji...

Akaishia hapo. Akamtazama Sanifu ammalizie, kwa kuwa Sanifu anazijua zote, lakini Sanifu alikuwa anatazama makaa. Mesye akakunja kibali chake, akakirudisha mfukoni polepole. Njiani wanawake wa kijiji cha Rungwe Mpya walikuwa wanapita na maharage yao, wakisalimia. Cleophas aliwaza misimu yote aliyokaa porini. Watu walikuwa wamemuuliza kuhusu upepo, nyayo, pembe, umbali wa maji. Hilo hakuwahi kuulizwa, na, jambo lililomwuma zaidi, hakuwahi kujiuliza. Aliona paja la Niyomwungere. Akaona gari, mlango umefunguliwa, mtu anajipepea kwa kofia.

Simu ikalia.

— Dada Zuleha. Ndiyo, nimeamua. Ya kushoto. Kushoto, kwa Kiswahili kabisa. Lakini mwambie meneja siingii mateteni nayo mpaka nipewe siku za kuizoea na risasi za kutosha. Naam. Ndiyo, hata kama wageni wameshafika. Subiri, usikate, kuna jambo jingine. Muulize hivi: mgeni akimjeruhi mbogo, na mgeni ana bunduki ya mkono wake, kwa nini mateteni naingia mimi?

Akatega sikio. Wote wakatega, hata Elieth akasogeza kichwa. Huko Kibondo Zuleha akasema ngoja nimuulize, na wakasikia kiti kikisukumwa, viatu vyake vikitembea, mlango ukigongwa. Wakamsikia akiuliza, neno kwa neno, kama alivyoambiwa.

Sanifu akalitikisa birika. Halikuwa na kitu.

— Wamesemaje? Kamanda akanong'ona.

— Bado, Cleophas akasema.